Kwa Nini Kioo Husafiri Mbali na Shaba Huingia Ndani

Enzi hizo, Kioo hakuwa na kazi ila kukaa ukutani na kuwaonyesha watu makunyanzi yao. Habari zote za nchi zilibebwa na Shaba, mzee mwekundu, mnene, mwenye mdomo.

Shaba, akiwa waya, alikimbia nguzo hadi nguzo, na kila alivyokwenda mbali ndivyo pumzi ilivyomwishia: ujumbe uliotoka kwa kelele ulifika kwa mnong'ono. Akipita karibu na ndugu zake, alinasa na maneno yao. Umtume posa, afike na posa iliyochanganyika na bei ya vitunguu! Radi nayo ikipiga, mzee alisahau hata jina lake. Lakini watu walimpenda, naye aliishi kwa kusikia wakisema mlangoni, "Shaba kaja!"

Siku moja Kioo akaingia motoni, akavutwa, akatoka mwembamba kama unywele. Akabeba mwanga, na habari ndani yake.

"Mjomba, nipishe," alisema, na kabla Shaba hajauliza anakwenda wapi, alikuwa amekwisha kufika. Radi ilimpiga asijue. Alipita katikati ya wenzake bila kunasa neno.

"Hata umbea hasikii!" watu walishangaa.

Mtemi Lugendo akaamuru Shaba ashushwe, ayeyushwe, awe sufuria. Fundi Masanja akatoka na koleo, akaanzia nyumbani kwa mkunga Nyamizi. Hapo Shaba alining'inia, akiwaza kuchemshiwa maharage maisha yake yote.

Mara Kioo akafika mbio. Binti wa mtemi, aliyeolewa mbali, alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na wakunga wa huko walitaka Nyamizi awaambie la kufanya.

Sasa, nyumba za nchi ile haziingiwi moja kwa moja. Mbele ya mlango kuna ukuta wa stara, na mgeni hukata kona kali ili waliomo wapate kujifunika. Kioo akajikunja. Mwanga ukamwagika kiwikoni. Akajikunja zaidi: ta! Ufa.

"Mjomba, siingii!"

"Wewe? Si ndiye kijana wa kisasa?"

"Mjomba, nitavunjika."

Shaba akaionja ile aibu ya Kioo, na ilikuwa tamu. Angenyamaza tu, kesho Kioo angerudishwa ukutani kutazama makunyanzi. Lakini kule mbali kulikuwa na mama anayelia.

"Masanja," aliita, "weka koleo chini. Tutafutie kitu cha kutuunganisha."

Fundi akamkata Kioo palipo na ufa, akaweka kati yao kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa mtetemo. Shaba akakata kona bila kuumia, akaingia, akaitikisa kengele. Nyamizi akasikiliza, akajibu: mama apige magoti, wamkande hivi, wasimvute mtoto. Jibu likatoka na Shaba, likaruka na Kioo.

Kikasikika kilio cha kichanga kutoka kule mbali.

Masanja akauliza kama aendelee kumshusha mzee. Mtemi, aliyekuja mbio kusikia habari za bintiye, akajifuta macho.

"Sufuria ninazo," alisema.

Toka hapo Kioo ndiye apitaye chini ya bahari na ardhi, akizipinda kona polepole kama bibi harusi, na Shaba ndiye amaliziaye safari ndani ya nyumba. Na kile kisanduku ukutani kwako, chenye kijitaa kinachopepesa mchana kutwa, ni Kioo huyo anabisha: "Mjomba, upo?"