Nani Awe Somo wa Mtoto wa Riziki?

Sogeeni, mnisaidie kesi hii. Sitaipamba.

Palikuwa na wanawake watatu na ofisi yao yenye kompyuta moja. Tabu alikuwa na macho: hakuna neno lililompita. Nuru aliijua mitambo: kompyuta ikinung'unika, alijua inanung'unikia nini. Chausiku alikuwa na mkono mwepesi, na hasira nyepesi vilevile.

Wenye siri waliwakimbilia, maana kompyuta ile ilikuwa na programu ya kuficha njia. Ujumbe ulipitishwa mashine hii hadi ile, huko mbali, asijulikane aliyeutuma. Programu yenyewe iliandika kila ilichofanya, pamoja na maonyo. Umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilirudi nyuma, nayo programu ikalalamika kuwa saa si sahihi. Umeme ulikatika mno, wakazoea kuyapuuza maonyo.

Siku moja akaja Riziki, muuguzi mjamzito, kutuma ushahidi kwamba mkubwa wake anaiba dawa za wodini. Akijulikana, ameangamia.

Tabu akatupia jicho maonyo. "Nuru, hili la leo si lile la saa."

Nuru akasoma, uso ukambadilika. Programu ya barua ilikuwa inauliza anwani ya inakopeleka ujumbe nje ya njia ya siri, hadharani. "Ni kama kujifunika baibui, halafu ukamuuliza njia mlinzi wa adui yako."

Riziki, kwa haraka yake, kidole kilishafika kwenye kitufe cha kutuma. Chausiku hakubishana. Aling'oa waya wa intaneti ukutani.

Nuru akarekebisha, ushahidi ukaenda salama. Mwizi alikamatwa, na hadi leo hajui nani alisema.

Riziki akajifungua binti. Akawaita, akasema mtoto atapewa jina la aliyemwokoa mama yake. Jina moja tu.

Chausiku alikuwa amekwishashona jina lake kwenye kikofia, akakificha mkobani. Kumwona Tabu amempakata mtoto kukamchoma.

"Uliona tu," akamwambia. "Hukuelewa hata neno."

"Na wewe ulivuta waya, shoga. Hata mbuzi angejikwaa akauvuta."

Nuru akacheka, akasema mtoto aliyezaliwa mchana kweupe haitwi Chausiku.

"Wewe nyamaza," Chausiku akamgeukia. "Nisingevuta, ungekuwa bado unaeleza, na Riziki yuko jela."

Wakanuna. Hapo Chausiku akaona ncha ya kitambaa cheupe ikichungulia mkobani mwa Nuru, na nyingine mkobani mwa Tabu.

Mtoto yuko kichwa wazi, na upepo unavuma. Je, wewe ungemvika kikofia cha nani?