Kwa Nini Sahani Hutembea Siku ya Purimu

Zamani hizo, wanangu, Wayahudi wa mji wa Shushani walikula kila mtu kwake, mlango umefungwa. Serahi na jirani yake Keziya walitenganishwa na ukuta mfupi tu, lakini hawakusalimiana. Mbuzi wa Keziya alikula shela ya harusi ya Serahi, na Keziya, badala ya kuomba radhi, akacheka.

Basi waziri wa mfalme akawachukia Wayahudi. Akapiga kura, ambayo kwa lugha ya huko iliitwa puri, ili kuchagua siku ya kuwaua wote, mkubwa kwa mdogo. Akamwambia mfalme, "Hao ni watu waliotawanyika. Nani atawalilia?" Maneno hayo yakaenea mji mzima.

Kumbe malkia naye alikuwa Myahudi. Akaamua kwenda kumsihi mfalme bila kuitwa, na aliyeingia bila kuitwa aliuawa. Akatuma neno: "Kusanyikeni, mfunge kwa ajili yangu."

Serahi akafunga, lakini akajifungia chumbani. Mzee Hanokhi, msomaji wa sala, akabisha hodi.

"Nimefunga, baba. Hata maji sijagusa."

"Malkia kasema tukusanyike, binti. Hakusema kila mtu afe njaa kwake."

"Keziya yupo?"

"Yupo. Mbuzi tumemwacha nje."

Serahi alitaka kucheka, akajikuta analia. Yule waziri kasema kweli, aliwaza. Tumetawanyika, na tutakufa hivyo hivyo.

Akaenda, akakaa mkeka mmoja na Keziya, wakaomba kwa sauti moja. Mbingu hazikunguruma. Hapakuonekana moto wala malaika. Lakini kule ikulu mfalme alimnyooshea malkia fimbo yake ya dhahabu, ishara ya kumsamehe; malkia akaishi, akawaombea watu wake. Waziri akatundikwa kwenye mti aliouchonga ili kumtundika Myahudi mmoja. Siku ya kura ilipofika, waliotakiwa kufa wakasimama kujitetea, wakapona. Serahi akaelewa. Mungu alikuwa amepita katikati yao, na hakuna aliyemwona.

 Serahi akachukua mkate na tende ampelekee Keziya, akafungua mlango. Akamkuta Keziya kasimama pale pale, kashika dengu na jibini.

"Dada, mimi..."

"Kula kwanza," Keziya akasema. "Kulia tutalia baadaye."

Na tangu siku hiyo, Purimu, sikukuu iliyopewa jina la ile kura, ikikaribia, Wayahudi hufunga na kuomba. Kisha husomewa habari hii yote kwa sauti, maskini hupewa chake, na sahani yenye vyakula viwili hupelekwa kwa mwenzio. Siku hiyo hodi husikika mtaa mzima, na watu hufungua bila kuuliza ni nani.