Samaki Chini ya Sakafu ya Ziwa

Hadithi hii ni fupi. Isome hadi mwisho, ndipo umpelekee mwenzako.

Kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na ukoo uliokumbuka ndoa zake kwa samaki. Ukiuliza bibi fulani aliolewaje, hukutajiwa mahari. Uliambiwa: huyu aliletewa kuhe, yule aliletewa sangala aliyebebwa na watu wawili. Desturi yao ndiyo hiyo. Anayemtaka binti wa nyumba ile aliingia ziwani siku moja, kwa mshipi na ndoana, akarudi kabla jua halijazama na samaki ambaye mkia wake unaning'inia nje ya sinia. Akishindwa, aliaga kwa heshima na kungoja mwaka mwingine.

Mkuu wa ukoo alikuwa mzee Gwasa. Binti yake wa mwisho, Editha, aliposwa na Malundi, mpima ardhi kutoka Urambo, mtu aliyekulia mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Na posa nyingine ilikuwa imekwisha kubisha hodi, ya mtu wa ziwani. Malundi alijua kwamba akirudi mikono mitupu, mwaka huo mmoja utatosha kumpoteza Editha.

Mzee Gwasa hakumkataza chombo chochote. Basi Malundi akaazima kwenye hoteli ya watalii boti ndogo yenye kifaa cha kutafutia samaki, kile chenye skrini wanachotumia wanaovua kwa kujifurahisha. Akapewa pia shahidi, Bukuru, kaka mkubwa wa Editha. Kazi ya Bukuru ilikuwa kuhakikisha samaki hanunuliwi. Kazi ya kumtania mposaji alijipa mwenyewe.

"Mgeni, hiyo televisheni yako inaonyesha mpira?"

"Inaonyesha kilicho chini, kaka. Inatuma mlio majini. Mlio ukigonga kitu unarudi, nayo inachora ulichokigonga."

"Basi iambie ichore sangala. Mimi nina njaa."

Kifaa kile kilikuwa na sauti mbili za kuchagua, yaani masafa ya juu na masafa ya chini. Asubuhi Malundi aliweka masafa ya juu, sauti nyembamba. Karibu na ufuko picha ilikuwa safi ajabu. Aliona jiwe na jiwe jirani yake, na samaki mmoja mmoja katikati. Akaipenda picha ile, akaganda nayo. Lakini ndoana zake zilinasa kwenye mawe yale yale aliyoyaona vizuri. Ikakatika moja, ikakatika nyingine, mpaka ikabaki moja tu. Na samaki aliowapata walienea kwenye kiganja.

"Huyu tukimweka kwenye sinia," Bukuru akasema, "itabidi tumtafute kwa hicho kifaa chako."

Mchana wakaenda mbali, kwenye maji meusi. Skrini ikawa tupu. Hakuna jiwe, hakuna samaki, hakuna chini.

"Kimekufa," Bukuru akasema. "Tukizike?"

Malundi akafikiri kidogo. "Kaka, harusi ikiwa kijiji cha pili, wewe hapa unasikia nini?"

"Ngoma."

"Na maneno ya mwimbaji?"

"Hayafiki. Yanapotelea njiani."

"Basi sauti yetu ya asubuhi ni mwimbaji. Inaeleza vizuri, lakini haiendi mbali, tena inamulika pembamba kama tochi. Hapa panataka ngoma."

Akabonyeza masafa ya chini, sauti nene, inayokwenda mbali na kutanuka inavyoshuka. Boti ikaelea. Kwa muda hapakuonekana kitu. Kisha pembeni mwa skrini ukaingia mstari mnene, mwekundu, ukanyooka kutoka upande huu hadi upande ule.

Malundi akashusha pumzi. Ardhi aliijua. Maisha yake yote aliipima. "Sakafu ya ziwa hiyo. Mita sitini."

Bukuru akaacha kucheka. "Mgeni, hapa hapana sakafu. Babu yangu aliunganisha kamba za mitumbwi yote ya kwetu, akafunga jiwe, akalishusha hapa. Halikugusa kitu."

"Labda mkondo ulilikokota."

"Labda mkondo umekukokota wewe kutoka Urambo!"

Wakiwa wanabishana hivyo, Malundi akaona kitu kingine. Samaki anapokatiza chini ya boti, kifaa humchora kama upinde. Pinde tatu kubwa zilikuwa zimejitokeza, na zote zilikuwa chini ya ule mstari. Chini ya sakafu.

"Sasa mashine yako inafukua makaburi," Bukuru akasema. "Samaki wamezikwa."

Akacheka peke yake. Malundi alikuwa ameinama juu ya skrini. Hakuna ardhi ambayo samaki hupita chini yake. Ama zile hazikuwa samaki, ama ile haikuwa ardhi.

Akaishika ndoana yake ya mwisho.

"Usishushe," Bukuru akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Ikinasa, umekwisha."

"Si ungefurahi? Nilidhani uko upande wa yule mposaji mwingine."

"Mimi niko upande wa samaki. Lakini dada yangu alilia jana."

Malundi akatazama jua, limekwisha kuinama. Akaachia mshipi. Ulikuwa na fundo kila mita kumi, akawa anayahesabu kwa vidole. Arobaini. Hamsini. Fundo la sitini lilipofika akafumba macho, akingoja ule mgongano wa risasi, kile kipande kizito cha kuzamishia ndoana, na mwamba anaoufahamu tangu asubuhi.

Risasi ikapita. Haikusita hata kidogo, ikaendelea kushuka kama mtu anayepita mlango ulio wazi.

Kwa mkono uliobaki akarudisha masafa ya juu, maana mita sitini sauti nyembamba inazifikia. Na sakafu ikavunjika. Ule mstari mmoja ulionyooka ukawa punje, maelfu kwa maelfu ya punje, kila moja na nafasi yake, zote zikipanda polepole pamoja. Walikuwa dagaa. Walikuwa wamekusanyika wengi kiasi kwamba ile sauti nene iliwadhani ni ardhi. Boti iliendelea kuelea juu yao, wakaendelea kupita, na mwisho wao haukuonekana.

Bukuru alivua kofia yake bila kujua.

"Nimepita hapa tangu utotoni," akasema kwa sauti ndogo. "Nikidhani napita juu ya maji matupu."

Hapo mshipi ukavutwa. Ulivutwa kwa nguvu hata shahidi akasahau ushahidi wake, akamshika Malundi kiunoni asidondoke majini. Walimpandisha wakipokezana, sangala wa rangi ya fedha, mdomo wazi.

Ufukoni mkia ulivuka ukingo wa sinia kwa kiganja kizima, na kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Gwasa alimsikiliza kwanza Bukuru, neno kwa neno, kisha akasimama.

"Nipelekeni nikawaone."

"Baba," Editha akasema, "samaki si huyu hapa? Desturi imetimia."

"Desturi imetimia, mwanangu. Mimi bado."

Editha naye akapanda boti, hakumwomba mtu ruhusa. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya ng'ambo walipofika. Malundi akaigawa skrini mara mbili, sauti nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Upande huu sakafu, upande ule umati. Mzee akatazama pande zote mbili. Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

Kisha akauliza, "Na chini ya hao sangala kuna nini?"

Malundi akaiongezea skrini kina. Mita mia. Mia mbili. Mia tatu. Baada ya hapo ikabaki rangi ya bluu tu, bila alama.

"Hakuna kitu, baba," Bukuru akasema.

Mzee hakumtazama Bukuru. Alikuwa akimtazama mposaji.

Malundi aliona aibu. Katika kazi yake, ramani yenye pengo ni ramani ya mvivu. Na huyu ndiye mkwe wake, au ndiye ambaye hatakuwa mkwe wake kamwe.

"Sijui, mzee," akasema. "Sauti yetu imeishia hapo. Ziwa halijaishia."

Mzee Gwasa akaondoa kidole chake kwenye kioo. "Mwenzako wa ile posa nyingine nilimleta hapa mwezi uliopita, nikamuuliza swali hilo hilo. Hakufikiri hata kidogo. Akaniambia, matope." Akamgeukia binti yake. "Umemsikia huyu?"

"Nimemsikia, baba."

"Unamtaka?"

"Nilimtaka hata kabla ya samaki."

Mzee akacheka mpaka boti ikayumba. Bukuru akashika kamba ya injini ili warudi nyumbani, lakini baba yake akamzuia kwa mkono. Wakakaa wote wanne wakielea, na chini yao wale wasiohesabika wakiendelea kupanda.

Funzo: Pale macho yako, elimu yako au chombo chako kinapoishia, sema "mimi nimeishia hapa." Usiseme dunia ndiyo iliyoishia.