Pelele Aliyetia Chumvi Kwenye Hofu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa dimbwi. La nani?
La wote!
Thubutu! Lilikuwa la Kiboko. Kaeni chini niwaambie.

Kilikuwa kiangazi kikali, na maji yalibaki kwenye dimbwi hilo tu. Zamani Kiboko aliwahi kumkata Ngiri kiunoni pale ukingoni, kwacha!, wanyama wakiona. Tangu hapo hakuhitaji kumng'ata mtu. Wakija kunywa, anapanua kinywa, haaaa!

"Mnakumbuka?"

"Tunakumbuka, Bwana Mkubwa!"

Mbio, tifu tifu tifu. Kesho yake haaaa! Mnakumbuka? Tunakumbuka! Tifu tifu tifu.

Sasa Pelele, kamnyama kasikofika goti la mbuzi, alikuwa na mwana aliyekauka ulimi kwa kiu. Akawafuata wenzake kivulini. "Jamani, siku ile ya Ngiri, Kiboko alijamba."

"Hebu tuache," akasema Swala.

Pelele hakubishana. Hofu ni kiporo, wanangu. Ikiwa imepoa, chumvi inabaki juu juu. Sharti ipashwe moto ilainike, utie chumvi yako, kisha uiache ipoe nayo. Na mpashaji alikuwa Kiboko mwenyewe.

Kesho yake, haaaa! "Mnakumbuka?"

"Tunakumbuka!" Wakaanza kurudi nyuma, hofu ikiwa ya moto.

"Shikamoo Mzee," Pelele akadakia. "Hata mimi nakumbuka. Ulimkata kwacha!, ukajamba puuu!, maji yakatoa mapovu. Swala, si uliziba pua wewe?"

Swala akafikiri. "Enhee... nadhani niliziba."

"Hata mimi!" akasema Kanga.

Wakakimbia tena, tifu tifu tifu, ila safari hii wakicheka. Wakalala na hofu yao iliyotiwa chumvi, ikapoa.

Asubuhi, haaaa! "Mnakumbuka?"

"Puuuu!" wakajibu, wakainamisha shingo wakanywa. Mwana wa Pelele akanywa mpaka tumbo likamvimba. Meno ya Kiboko yalikuwa yale yale, msidhani.

Kiboko mwenyewe akabaki kinywa wazi. Akaikumbuka siku ile, akaikumbuka tena, mwisho akaisikia ile puuu waziwazi. Aibu ikamshika, akazama, akaacha pua tu nje. Hadi leo mchana hapendi kutoka.

Na Pelele? Ngiri alipokufa, Pelele alikuwa hajazaliwa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu ondokeni nayo, chungu niachieni. Na fundisho lake ni hili: mtu akikuapia kwamba alikuwepo na anakumbuka vizuri kabisa, mwamini. Kichwa cha mtu hakidanganyi.