Zamu ya Nambike

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mfereji, maji tele, nami nikachota. Wewe unayesinzia, kaa vizuri!

Hapo kale, huko milima ya Upare, palikuwa na bwawa la kijiji, wenyewe wakiliita ndiva. Lo, maji yale! Usiku yanajaa, alfajiri yanafunguliwa, kila nyumba na zamu yake. Juu yake msitu mzito wenye chemchemi ya maji hayo, ukungu umelala humo mpaka adhuhuri. Wazee wetu waliuona. Mimi nimeukosa, na bado natamani.

Basi, mvua zikapungua. Watu wa juu wakaanza kuiba zamu za watu wa chini. Nambike, mjane aliyelima mwisho wa mfereji, akaona maharage yake yananyauka, na mtoto wake hana kingine cha kula. Lakini yeye hakugusa zamu ya mtu.

Siku moja likatokea zimwi, tumbo kama ghala. Likasema, "Miti hii ndiyo inayowamalizia maji. Kateni!"

"Jamani, msikate!" Nambike akalia. "Hata babu zetu waliikuta."

"Nyamaza, mama!" watu wa juu wakamfokea. "Wewe wa chini unajua nini?"

Wakakata, wakakata, wakakata. Jua likaipiga chemchemi, ikabaki tope. Maji yaliyosalia kwenye ndiva, zimwi likayabugia yote, likaketi kwenye mlango wa ndiva, pale maji yanapofunguliwa.

Ila desturi ya ndiva ni hii: aliyekaa mlangoni, hata awe zimwi, hawezi kumnyima mwenye zamu yake. Basi Mzee Senkondo, mwenye shamba la juu kabisa, akaita, "Zamu yangu imefika!"

Zimwi likacheka. "Yako ulishaitumia, na ya jirani pia. Mwingine!"

Akaita wa pili. "Ulishaitumia! Mwingine!"

Akaita wa tatu. "Ulishaitumia! Mwingine!"

Nambike akasogea, akaita. "Zamu yangu imefika. Zamu yangu imefika. Zamu yangu imefika!"

Zimwi likahesabu zamu zake: ziliibwa, hakuzitumia. Likatapika maji yote, likanywea, likatokomea.

Maji yale sasa yalikuwa ya Nambike peke yake. Akatazama maharage yake. Akatazama watoto wa waliomwibia, midomo imewakauka. Machozi yakamtoka.

"Mbona mmesimama? Leteni vyungu! Wa juu waanze, mimi nitafuata mwisho, kama zamani."

Kesho yake wote wakapanda miche pale juu. Maharage ya Nambike? Nusu yalikufa, nusu mtoto akala. Mzee Senkondo akashika jembe, akamzibulia mfereji mpaka shambani kwake, na kumtazama usoni hakuweza.

Hadithi yangu imekomea hapo, anayeitaka aichukue. Watoto wangu, msikate miti ya chemchemi, na zamu ya mwenzenu mwacheni nayo.