Taji Tutalitundika Wapi?

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ndiyo pakawa? Ugali wote ule mliokula, sauti imekwenda wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasimulia. Mwatime, toa mguu kwenye mkeka wangu. Na nyinyi wakubwa mliojibanza huko nyuma mkijifanya mnachambua mchele, sogeeni. Najua mnasikiliza.

Hapo zamani za kale, zamani ile ya wanyama kusema na watu kunyamaza, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na pango. Ndani ya pango palikuwa na ukuta mweupe, laini, mpana. Na wanyama wa bonde lile walipenda kitu kimoja kuliko chakula, nacho ni picha.

Picha gani? Picha za vivuli. Jioni moto ulikokwa karibu na mlango wa pango. Mwenye picha yake alisimama mbele ya moto. Watazamaji walikaa chini, nyuso zikiutazama ukuta, migongo ikiuelekea moto. Kivuli kilipita juu ya vichwa vyao, kikaanguka ukutani, kikatembea, kikacheka, kikalia. Na ilikuwa mwiko kugeuka nyuma. Ukigeuka unatolewa nje, ukatazame nyota.

Kila kiangazi ulifika msimu wa tuzo. Kila mwenye picha alileta yake. Aliyeshinda alivishwa taji la maua, na pango likawa lake kiangazi kizima. Aonyeshe anachotaka, amkalishe anayemtaka, mahali anapotaka.

Waamuzi walikuwa watatu. Mzee Nyati, huyo ndiye mkuu wao. Bwana Kifaru, huyo alilala tangu picha ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu akaamka kupiga kura. Na Bwana Kongoni, huyo alikubaliana na Mzee Nyati hata kabla Mzee Nyati hajafungua mdomo. Wakishaafikiana, Mzee Nyati alitaja mshindi na kupiga ukwato chini, gu! Ukwato ukishalia, neno halirudi.

Na taji lilitundikwa kwenye pembe. Huku pembe, huku pembe, taji katikati, linaning'inia. Ndivyo walivyolikuta kwa babu zao, ndivyo walivyoendelea nalo.

Kuna mmoja hapo ameshainua kidole. Anataka kuniambia nyati jike naye ana pembe. Mwanangu, najua. Bi Nyati mwenyewe aliwahi kuuliza. Akaambiwa pembe zake ni za nyumbani.

Sasa, katika bonde hilo aliishi Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Mnyama mdogo, ukipiga chafya karibu yake anaruka kichaka. Dume lake lina vipembe. Jike hana hata kimoja, kichwa kitupu, masikio tu.

Lakini kwa picha, huyo bibi, jamani. Wale wakubwa waliuogopa moto. Walikwenda kusimama ukutani kabisa, kivuli kikawa kama wao walivyo, hakina jipya. Bi Digidigi aliusogelea moto mpaka manyoya yakanuka kuungua. Akisogea, kivuli kinakua. Akirudi nyuma, kinapungua. Kwa mwili mmoja mdogo alikuwa anatoa tembo, anatoa mtoto wa tembo, anatoa na nzi anayewasumbua wote wawili.

Mwaka mmoja alileta picha ya kifaranga aliyepotea sokoni. Pango zima lililia. Bi Fisi, ambaye kazi yake ni kucheka, alilia mpaka akapata kwikwi.

Mzee Nyati akasema, "Nzuri sana. Nzuri mno. Ila tutalitundika wapi?"

Bwana Kongoni akasema, "Ndiyo hapo. Tutalitundika wapi?"

Bwana Kifaru akaamka. "Nani? Wapi?"

Taji akapewa Bwana Tandala mwenye pembe za kujisokota. Picha yake ilikuwa yeye mwenyewe amesimama upande, kisha anageuka, amesimama upande mwingine. Mwaka uliofuata akaileta ileile, ila alianza na upande mwingine. Akashinda tena. Bi Digidigi alikuwa ameleta picha ya mamba anayeumwa jino. Akaambiwa, "Si kwamba tunakunyima, Bi Digidigi. Tunakupenda. Lakini sema mwenyewe, tutalitundika wapi?"

Alirudi nyumbani. Na msidhani lilimuuma lile taji. Maua hayo hata yeye alikuwa anayala. Lililomuuma ni pango.

Maana alikuwa na mama yake. Mama alikuwa mzee, macho yanafifia. Ndiye aliyemfundisha vivuli tangu utoto, kwa mwezi na ubavu wa kichuguu. Sasa vitu vidogo havioni tena. Anaona vikubwa tu, tena akiwa karibu. Ukuta wa pango angeuona kama angekaa mbele. Lakini mbele wanakaa wakubwa. Kiangazi kilichopita alijikongoja akaenda, wakamkalisha nyuma ya Kiboko.

Aliporudi, Bi Digidigi alimwuliza, "Mama, umeionaje picha yangu?"

Mama akasema, "Mwanangu, nimeona matako ya Kiboko. Makubwa kweli."

Mkicheka chekeni. Bi Digidigi hakucheka. Aliyatazama yale macho, akajua kiangazi kingine kikipita hivi, mama yake hataona tena picha yake hata moja.

Msimu wa tuzo ukafika tena. Bi Digidigi akaenda kwa rafiki yake Bi Kima, ambaye ndiye aliyelisuka lile taji miaka yote. Akamkuta amekaa na maua mapajani, vidole vinakwenda, shu, shu, shu.

"Mwaka huu unaleta nini, shoga?" akauliza Bi Kima.

"Naleta pembe," akasema Bi Digidigi.

"Pembe za nani?"

"Utaziona."

Jioni ya tuzo pango lilijaa. Moto ulikokwa mkubwa, wakaanza wenye pembe. Bwana Tandala akaleta yake, upande huu, upande ule. Mwaka huu aliongeza kitu. Alikohoa. Waamuzi wakasema ameendelea sana.

Wasio na pembe waliwekwa mwisho, kuni zikiwa zimekwisha. Bi Digidigi alipofika kulikuwa na kijimoto tu. Hakulalamika. Alichukua matawi mawili makavu aliyokuja nayo, akayabana nyuma ya masikio, akausogelea moto mpaka ukawa unamlamba mgongo.

Ukutani likatokea dume. Dume hasa. Pembe zake zilianzia chini zikapanda mpaka darini, zikajikunja huko juu. Pango zima likasema, "Aaah."

Bwana Kifaru hakulala. Kwa mara ya kwanza, hakulala.

Dume likatembea. Likaenda mtoni kunywa maji, pembe zikanasa mtini. Likavuta, krr, krr, mti ukang'oka. Likaondoka na mti mzima kichwani, halijui, linawasalimia watu. Bi Fisi aliangua kicheko, pango likatikisika. Dume likafika nyumbani. Mlango mdogo, pembe kubwa, haliingii. Likajaribu kwa ubavu. Likajaribu kinyumenyume, likaingia mwili wote, kichwa kikabaki nje. Mvua ikaanza. Bi Digidigi alikuwa na kibuyu chenye mbegu, akakitikisa kwa mguu, cha, cha, cha. Dume likatoka, likajikunyata nje peke yake na pembe zake.

Hapo Bi Digidigi akayaweka matawi chini, akarudi nyuma hatua chache. Ukutani kikatokea kivuli kingine, kidogo, kisicho na pembe. Alikuwa mama wa lile dume. Akatoka ndani, akatazama mvua. Akalala nje, pale pale kwenye matope, mahali mwanawe alipokuwa, mpaka moto ulipofifia.

Kisha ikasikika sauti nzito ikivuta makamasi. Ilikuwa ya Mzee Nyati.

Mzee Nyati akasimama, uso bado ukutani. "Waamuzi wenzangu," akasema, "huyu dume anayajua maisha yetu. Mimi mwenyewe yalinikuta, nikiwa kijana, mwaka wa mafuriko."

"Yalimkuta," akasema Bwana Kongoni.

"Na zile pembe mmeziona?" akasema Bwana Kifaru.

"Hatuna la kujadili. Mshindi ni huyu mwenye pembe kubwa, aliye nyuma yetu sasa hivi." Akapiga ukwato, gu! "Na atokeze tumwone."

Bi Digidigi akainama. Aliyaokota yale matawi makavu akayatia motoni. Moto ukaruka, fuuu, pango likang'aa mpaka pembeni. Wote wakageuka. Wakaangalia juu, hawakuona mtu. Wakaangalia chini. Pale chini, moto ukiwaka nyuma yake, alikuwa Bi Digidigi, kichwa kitupu, masikio tu.

Bwana Tandala akawa wa kwanza kusema. "Tumetapeliwa. Pembe za kuni."

"Sikusema ni zangu," akasema Bi Digidigi. "Nilionyesha picha. Nyinyi ndio mliozipigia kura."

Mzee Nyati akautazama ukwato wake kana kwamba si wake. Akaguna. Akakohoa. Akasema, "Ukwato umeshalia, sawa. Neno halirudi, sawa. Lakini Bi Digidigi, mama yangu, tutalitundika wapi?"

Na Bi Digidigi akajibu neno moja.

"Shingoni."

Watoto, mngelikuwepo. Mzee Nyati akajitazama shingo. Bwana Kongoni akamtazama Mzee Nyati, kisha naye akajitazama shingo. Twiga alijitazama muda mrefu kuliko wote. Huko nyuma Kobe akaitoa yake taratibu, akauliza, "Hata mimi?"

"Hata wewe," akasema Bi Digidigi.

"Hizi ni mila," akafoka Bwana Tandala. "Taji ni la kutundikwa kwenye pembe. Tena picha yenyewe ilikuwa ya kawaida. Hakuna aliyeguswa."

Hapo akasimama Bi Nyati, mwenye pembe za nyumbani. "Baba Ndama," akamwambia mumewe mbele ya wote, "ulilia, au hukulia?"

"Moshi," akasema Mzee Nyati.

"Moshi ulikuwa huku kwangu."

Mzee Nyati akatazama chini, akatazama juu, akatafuta pa kutazama pengine. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo kwa mwili ule, "Nililia." Kisha akasema kwa sauti kubwa zaidi, "Nililia. Na kile kifaranga cha sokoni kilinitoa machozi pia. Leteni taji."

Likaletwa. Wakamvisha Bi Digidigi. Likapita kichwani, likapita shingoni, likapita mwili mzima, pu, likatua chini. Akawa amesimama katikati yake kama kuku kwenye tenga. Bwana Tandala akaanza kucheka.

Bi Kima alikuwa ameshafika. Akaling'ata uzi, akalifumua, shu, shu, shu, akalisuka upya kwa kipimo cha shingo ndogo. Kwa maua yaliyobaki akamsukia Kobe la kwake.

"Miaka yote ulijua kusuka dogo?" akauliza Mzee Nyati.

"Miaka yote," akasema Bi Kima. "Mlinipa kipimo cha pembe zako, nikasuka la pembe zako. Hakuna aliyeniuliza kingine."

Jioni iliyofuata pango lilikuwa la Bi Digidigi. Kitu cha kwanza, alimhamisha Kiboko akakae nyuma kabisa. Kiboko alinuna, akaenda. Mbele kabisa, karibu na ukuta, akamkalisha mama yake, akamwekea majani ya kuegemea.

Kisha akaenda kwenye moto. Safari hii hakubana matawi. Alisogea hivyo hivyo alivyo, akasogea, akasogea, mpaka ukutani kikasimama kivuli cha digidigi jike kilichojaa toka chini mpaka darini, masikio yakigusa mawe ya juu.

Mama alikaza macho. Pango zima lilimsubiri.

"Ninakuona, mwanangu," akasema. "Ninakuona mwili wote." Akakaza macho tena. "Ila mbona umekonda?"

Bi Fisi alicheka mpaka akatolewa nje. Na kule kwenye moto Bi Digidigi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kivuli chake kikitikisika ukuta mzima.

Mmesikia? Basi shikeni na hili. Ukitaka kumtuza mtu, tazama alichokifanya, usitazame kichwani ana nini. Na taji likimkataa aliyestahili, lililokosea ni taji. Lifumue, ulisuke upya.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami naiacha hapo hapo. Anayetaka kubishana akabishane na Bi Nyati. Mwatime, mguu.