Kengele Mia za Mama Digidigi

Sogeeni, wajukuu zangu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na mifugo yao, ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, habari mbaya ilipofika vilimani: sotoka ya mbuzi, ugonjwa unaoua zizi zima, imeingia bonde la jirani.

Mama Digidigi alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia watoto watatu na mbuzi wanane. Bila maziwa ya mbuzi hao, watoto wangelala njaa. Akakimbia, tiki tiki tiki, mpaka mtoni kwa Kiboko, mganga wa mifugo wa mfalme.

"Hodi, mzee! Nichanjie mbuzi wangu."

"Wangapi?"

"Wanane."

"Lo! Chupa moja ni ya mbuzi mia. Nikiichanganya, baada ya muda wa saa mbili imeharibika. Nimwage dawa ya mfalme kwa mbuzi wanane?"

"Majirani nao wanao. Huyu watano, yule sita."

"Waje nao hapa."

"Tukiwakusanya si wataambukizana, mzee?"

"Sasa nifanyeje? Nipande vilima na tumbo hili?" Akajitosa majini, chubwi!

Mama Digidigi akaenda kwa Nyati, muuza dawa za kupe, aliyekuwa na mkokoteni na kujua kila mlango vilimani.

"Mjomba, tusaidie."

"Miguu ninayo, sindano ninazo. Lakini chanjo ni ya mfalme, siruhusiwi kuigusa. Kamwombe Kiboko, lile gogo la mtoni!"

"Kwani hamsemezani?"

"Aliniita mchuuzi wa kupe. Mwaka wa nne huu hatusalimiani."

Mama Digidigi akamwomba Mungu, kisha akafikiri. Siku nzima alipita nyumba kwa nyumba. "Jirani, niazime kengele za mbuzi wako. Zote."

Kesho yake akamwita Kiboko: "Njoo kwangu, ni hapa chini ya kilima. Kengele za mbuzi mia zinalia." Kisha akamwendea Nyati, akamwambia: "Kiboko anachanja kwangu leo. Anasema wewe huna kazi." Nyati akaja mbio na mkokoteni wake, ajionee.

Kiboko alipofika, alisikia nyuma ya ua: ng'ele! ng'ele! ng'ele! Akaridhika. Akachanganya dawa, akaitikisa.

"Haya, fungua zizi!"

Lahaula! Mbuzi wanane, na kengele tisini na mbili juu ya mti wa miiba, zikichezewa na upepo.

"Umenidanganya, wewe mama!"

"Kila kengele ina mbuzi wake nyumbani kwao, mzee. Na saa mbili zimeshaanza."

Nyati akaangua kicheko. "Kha kha kha! Dawa ya mfalme inaoza!"

"Cheka, mjomba. Mbuzi wakifa wote, hizo dawa za kupe utamuuzia nani?"

Kicheko kikakatika. Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama chupa.

"Panda," Nyati akasema.

"Wapi?"

"Kwenye mkokoteni! Haraka!"

Kwiii! Magurudumu yakalia. Nyati akapiga baragumu: "Puuu! Kila mtu mlangoni na mbuzi wake!" Nyati akishika, Kiboko akichoma. "Mbee!" "Mwingine!" "Mbee!" Kila aliyechanjwa, Mama Digidigi alimvisha kengele yake. Kengele ya mwisho ilipovishwa, chupa ilikuwa tupu.

Sotoka ilipita chini ya vilima, haikuua hata mbuzi mmoja. Msimu uliofuata Kiboko mwenyewe ndiye aliyepiga hodi: "Bwana Nyati, chanjo imefika. Nafasi ipo mkokotenini?"

"Ipo, mzee. Ila leo usile kwanza!"

Wajukuu zangu, mwenye dawa na mwenye miguu wasipofanya kazi pamoja, mnyonge ndiye anayepoteza mifugo.

Hadithi hii alinipa bibi yenu, akikamua mbuzi wake wanane. Kengele mnazozisikia sasa hivi uani alizifunga yeye kwa mkono wake. Ee Mungu mwenye huruma, mrehemu, umpumzishe kwako. Amina.